Bandeji Niliyomfunga Mama

Mama alifariki miezi mingi baada ya kiharusi, na kifo chake nimekwisha kukikubali. Nisichokikubali mpaka leo ni bandeji niliyomfunga mkono kitandani, nikakaza fundo mwenyewe.

Kiharusi kilimkuta shambani akipalilia uwele. Kilimnyang'anya upande wote wa kulia, na maneno, na uwezo wa kumeza. Hospitalini Dodoma wakampitishia mpira puani hadi tumboni, nami, binti yake pekee niliyekuwa mjini, nikafundishwa kumlisha. Kwanza mwinue kichwa. Vuta kidogo kwa bomba la sindano uone kama chakula cha awali kimeshuka. Mimina taratibu, kishuke chenyewe, usisukume. Mwisho suuza mpira kwa maji yaliyochemshwa.

Nilikuwa karani wa masjala, mtu wa kuamini karatasi. Maduka yalikuwa yameanza kujaa bidhaa za nje baada ya miaka ya foleni, nikanunua kopo la unga wa lishe lenye maandishi pande zote. Kwa kuwa waliandika kwamba unatia nguvu, nikaona nikiukoroga mzito utatia zaidi. Mama akaharisha siku mbili.

"Lishe haichaguliwi kwa uzuri wa kopo," muuguzi alinikaripia. "Huchaguliwa kwa tumbo la mgonjwa. Tumbo la mama yako limezoea nini?"

Uwele, basi. Nikarudi mtaa wa Kikuyu, palepale Dodoma, nilikopanga chumba, nikapika uji mwembamba wa uwele, nikatia maziwa, mafuta kidogo na sukari, nikachuja mara mbili usije ukaziba mpira. Tumbo likatulia. Nikajiona nimefaulu.

Ila kila nilipoanza kummiminia, mkono wake wa kushoto ulipanda puani ukauchomoa mpira. Mara tatu. Kila mara wauguzi waliurudisha, naye akitokwa na machozi bila sauti. Alikuwa akikonda mbele ya macho yangu, na mimi nina hasira za karibu. Mara ya tatu nilimgombeza mama yangu mzazi kama mtoto aliyemwaga maziwa. Muuguzi akasema hakuna budi mkono ufungwe, la sivyo njaa itamuua. Nikasema nitaufunga mimi.

Kesho yake mama mdogo akafika kutoka kijijini. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa akiitazama bandeji.

"Umemfunga dada yangu?"

"Anakataa chakula, mama."

"Mmemnawisha?"

"Anawe ya nini, na uji unapita puani?"

"Basi atajuaje kama ni chakula? Yeye anaona mnammwagia dawa tu."

Akafungua fundo. Akaleta beseni na jagi la maji, akauinua mkono wa kulia, ule uliokufa, akauosha kidole kwa kidole. Kisha akanawa yeye, akafunua ugali na mlenda aliokuja nao, akamwambia dada yake, "Karibu tule." Nikamimina uji taratibu. Mkono wa kushoto haukupanda. Ulikaa juu ya ule wa kulia, juu ya shuka, mpaka uji ukaisha.

Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliona aibu, nikatoka nje kulia.

Mama mdogo aliporudi kwake, nilibaki na mama. Adhuhuri ile nilimnawisha kama nilivyoona, nikashika bomba. Mama akanikamata kiganja cha kushoto, akakivutia kwenye beseni. Sikuelewa. Akavuta tena, kwa nguvu, akinitazama, kisha akautazama mkoba wangu. Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu alazwe sikuwahi kula mbele yake hata mara moja. Nilikuwa nikimlisha haraka, kisha nakimbilia ofisini na chakula changu mkobani.

Nikanawa. Nikatoa kiporo changu cha ugali, nikakata tonge la kwanza, machozi yakinitoka. Mama hakuniachia kiganja. Alisubiri mpaka nimemeza, ndipo akaniachia nimmiminie uji wake.