Ukuta wa Waongo

Wifi yangu hana neno "nadhani". Tangu aache kazi ya kuchora bodi za saketi kwa yule bosi wake na kuiteka sebule yetu iwe karakana, neno hilo limepigwa marufuku humu ndani. Ukilitamka, anakukabidhi kipimo cha mawimbi ya umeme na kukuonyesha meza ukapime.

Ukutani, palipokuwa na picha ya harusi yangu, amepigilia bodi. Anauita ukuta wa waongo, maana kila bodi pale imeua uzushi mmoja. Ile ya kijani ina njia za shaba zenye kona kali, kwa sababu mafundi wengi huapa kwamba ishara ikifika konani hujikwaa. Alipima, haikujikwaa. Ya bluu ilimziba mdomo fundi aliyedai bodi ambayo ishara zake huenda polepole haisumbui vifaa vya jirani. Kumbe tatizo ni ule mruko wa ghafla wa ishara kutoka chini kwenda juu, hata ikiruka kwa nadra. Akishapima anapiga msumari na kucheka peke yake. Mimi kazi yangu kulehemu, nimeshamzoea.

Siku hiyo alikuwa anakuja muuguzi wa wodi ya watoto njiti kujaribu mashine yetu ya kuangalia pumzi. Mtoto akiacha kupumua, ilie. Mume wangu alishasema: muuguzi akiikataa, sebule inarudi kuwa sebule, na dada yake arudi kwa bosi akaombe kazi.

Asubuhi mashine ikawa inalia ovyo. Wifi kajifunga kihisi cha pumzi kifuani, anapumua vizuri kabisa, nayo inalia kama vile ameshakata roho.

"Solda yako hiyo, haikushika," akaniambia.

Nikashika chuma cha kulehemu. Nikarudia kila kiungo mbele ya macho yake. Ikalia vilevile.

"Haya, yangu nimerudia," nikasema. "Sasa yako. Huo mpasuko wa chini umeupima lini?"

Chini ya bodi kuna tandiko zima la shaba. Wifi hulipasua katikati, ishara dhaifu za kihisi zikae upande mmoja na zenye kelele upande wa pili. Alifundishwa na bosi.

"Mpasuko kila mtu anauweka," akasema.

"Hata wale wa kona walisema hivyohivyo, wifi."

Akanuna. Niliogopa nimevuka mpaka. Kisha akavuta kipimo chake, akainama mezani muda mrefu.

"Umeme ukienda lazima urudi," akasema taratibu, "na hurudi palepale chini ya njia uliyoendea. Mimi nimeukatia njia. Unazunguka mtaa mzima kama mtu aliyefungiwa mlango, na huko unaokota kila kelele, pumzi inapotea humo."

Nikalehemu kipande cha shaba kuvusha ule mpasuko. Mashine ikanyamaza.

Muuguzi alijifunga kihisi mwenyewe, akatembea, akapiga simu. Kimya. Akabana pumzi, ikalia. Akasema anataka za wodi nzima.

Jioni wifi akachukua bodi nyingine yenye mpasuko, akaipigilia katikati kabisa ya ukuta. Safari hii hakucheka. Mume wangu akasimama mlangoni, akauliza sebule yake anarudishiwa lini.

"Kaka, ukuta umejaa," akajibu wifi, nyundo mkononi. "Kesho tunaanza chumbani kwenu. Mkeo ameshakubali."