Maji ya Samaki wa Papa

Maji yalipokatika Kamembe siku tatu nne kisha yakarudi, yalirudi na harufu yake. Bomba la uani lilikohoa, likatema tope kidogo, halafu yakaja maji meupe yanayonuka dawa mpaka macho yanawasha, na chai ya siku hiyo hainyweki hata utie tangawizi kiasi gani. Sisi watu tuliyanywa hivyo hivyo. Samaki hawakuyaweza.

Papa, baba yangu, aliuza vitenge. Safari moja ya Bujumbura alileta sanduku la kioo lenye samaki saba wekundu, akaliweka dukani ili wateja waingie kutazama, watoke na kitambaa. Kazi ya kuwatunza alinipa mimi kwanza. Nikawamwagia chakula cha wiki nzima kwa siku moja, nikanyang'anywa. Ndipo akaja Mwajuma kutoka Bugarama, binti wa marehemu baba yangu mdogo, amenizidi mwaka mmoja, nyayo zimepasuka kwa tope la mpunga. Yatima hadeki. Kila alichofundishwa alikishika mara moja: kuchota maji jioni, kuyaacha yalale wazi kwenye beseni ili dawa ipande na hewa, asubuhi kuyanusa, na yakiwa bado yananuka asiyatie. Papa alimsifu mbele ya wateja. Akamwahidi kwamba samaki wakiwa hai siku ya kufungua shule, atamwandikisha darasani pamoja nami. Wakifa, atarudi mpungani. Nilimchukia, sitaficha. Nilichukia hata namna alivyokunja mkeka.

Siku zote beseni lililala dukani. Wiki ya kufungua shule maji yakakatika, na yaliporudi jioni bomba la dukani lilikuwa bado kavu, kwa hiyo Mwajuma akachota nyumbani na kuliacha beseni uani. Sasa Bibi, mama yake Papa, alikuwa na desturi aliyolelewa nayo: magharibi ikiingia, chombo hakibaki wazi. Alipita na bismillahi yake, akafunika mtungi, akafunika sufuria, na juu ya beseni la samaki akaweka sinia kubwa la pilau lililoziba ukingo wote. Mwajuma alikuwa jikoni anachagua mchele. Mimi nilikuwa kibarazani, nikaona kila kitu, nikaendelea kula muwa wangu. Alfajiri Bibi alichukua sinia lake akaenda zake. Dawa ya maji hakuijua, na baadaye hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi ile Mwajuma alikuwa na mafua. "Unisaidie kunusa," aliniambia, "puwa yangu imefunga." Niliinama juu ya beseni. Harufu ilinichoma mpaka kooni.

"Hainuke kitu," nikamjibu.

Kwa kuwa maji ya kioo yalikuwa yamechafuka, alibadilisha nusu nzima. Kabla ya adhuhuri samaki walikuwa juu, midomo wazi, wakigombania hewa, kisha mmoja mmoja wakalala ubavu. Papa alimwamuru awatoe kwa mkono, wateja wakiangalia.

"Ulifunika ile mayi?"

"Hapana Papa, niliiachaka wazi."

"Muongo. Na wewe," akanigeukia, "uliona nini?"

Mwajuma aliniangalia. Alitumaini, nadhani, kwamba nitasema nilinusa.

"Mie sikuonaka kitu, Papa."

Siku ya kufungua shule mimi nilivaa soksi mpya, yeye akapandishwa gari la Bugarama na kifurushi chake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nami sikutaka yazoleke. Nililala peke yangu kwenye kitanda tulichokuwa tukilala wawili, nikafurahia nafasi.

Siku hizi watoto wangu wana kioo cha samaki sebuleni, kikubwa kuliko cha Papa. Kuna kichupa cha dawa ya kuua dawa: unadondosha matone machache kwenye maji ya bomba, unakoroga, na samaki wanaogelea. Hakuna anayenusa, hakuna anayengoja. Mwaka jana nilishuka Bugarama kununua mchele, nikamkuta Mwajuma kwenye mashine ya kukoboa, anapepeta, nywele zimejaa pumba. Alinitambua kabla yangu. Alinipa simu yake nimsomee ujumbe wa mwanawe, kwa sababu herufi hazijui, na nilipomaliza kusoma akaifunga kwenye ncha ya kanga.

"Dada," akasema, "miaka yote najiulizaka. Ile mayi, niliikosea wapi?"

Papa hakuwahi kulitaja tena jina lake mpaka anazikwa. Lakini nilimshika bega nikamwambia aache kujisumbua, ulikuwa utoto tu, na kwamba Papa alikwisha kumsamehe. Mwajuma alilia, akanishukuru kwa mikono miwili, akaniongezea kilo mbili za mchele juu ya nilizonunua. Nikazipokea.