Gia ya Meno Thelathini na Saba

Kiwanda cha chai kilipotaifishwa, Mzungu aliyekuwa akichonga gia alirudi kwao, nami msaidizi wake nikaachiwa mashine. Vipuri kutoka nje vilikoma. Gia ikivunjika, nilikereza kipande cha chuma, nikakigawa sawasawa kwa sahani yenye matundu ya kupimia nafasi za meno, nikachonga jino moja baada ya jingine. Watu walinisifu sana. Sifa zile ndizo zilizonifunga.

Mara tatu niliomba uhamisho nirudi kwetu Lushoto. Mara tatu meneja alijibu, "Ndugu, taifa linakuhitaji." Taifa! Na mke wangu aliyekuwa akilima mteremkoni peke yake, yeye hakuhitaji mtu?

Basi nikaamua kuharibu kazi. Gia ya mashine ya kusokota majani ilitakiwa meno thelathini na saba. Nikaruka matundu machache makusudi, jino la mwisho likatoka jembamba kama ukucha. Tulipoifunga, haikufika hata saa nne asubuhi: mashine ilipiga kelele, ikakwama, na majani waliyochuma akina mama yakaanza kuoza sakafuni. Niliona aibu, lakini nilisimama pale nikingoja kufukuzwa.

Meneja aliipapasa ile gia, akanitazama kwa huruma.

"Kama wewe umekosea, ndugu," alisema, "tukimpa mtu mwingine itakuwaje?"

Mchana ule ule nikachonga nyingine, nzuri kuliko zote. Ilidumu miaka kumi na mmoja, nami nikadumu nayo.