Mwashi na Kigoda Chake

Mwalimu Mmarekani alipotuletea Tororo mchezo wao wa mpira na gongo, besiboli, mwashi mmoja ndiye aliyekuwa mrushaji wetu tangu mwanzo wa kila mechi. Alijipaka vumbi viganjani, akaguna, akarusha. Ila saa moja ikipita, mkono ulilegea, basi mwalimu akamwambia atakuwa anaingia mwishoni.

“Ticha, mtu ya mwisho kwa chungu ya malwa nakunywa maji matupu!” mwashi akalalamika, maana chungu cha pombe hiyo ya wimbi huongezwa maji moto tena na tena hadi ukali uishe.

Siku ya kucheza na Busia alikuja na kigoda chake cha kunywea malwa, akaketi pembeni akijipaka vumbi viganjani. Ofumbi, aliyeanza badala yake, alipochoka, mwalimu aligeuka amwite. Kigoda kitupu. Mwashi alishafika katikati ya uwanja, kiganja wazi mbele ya Ofumbi.

“Lete. Hii chungu bado kali.”