Waya Juu ya Paa la Kasungami

Kazi yangu ilikuwa kupanga foleni. Si foleni ya watu, bali ya mitambo: ya jua, ya maporomoko madogo, ya gesi ya samadi, na majiko yasiyokula makaa mengi. Nchi ilikuwa imeahidi mbele ya dunia kupunguza moshi, nasi wa ofisi ya nishati Lubumbashi tukaambiwa tuseme kipi kianze, na kianzie wapi. Nilivimba kichwa kidogo, sikatai.

Nilitaka kituo cha afya cha Kasungami kiwe cha kwanza. Mkunga wa pale alikuwa mama yangu mkubwa, na mimi nimekulia uani kwake, ukuta kwa ukuta na kituo. Kila juma alifuata chanjo za watoto mjini, akarudi nazo kwa pikipiki kwenye kisanduku cha barafu, akimgombeza dereva njia nzima. Barafu ikiyeyuka kabla akina mama hawajafika, chanjo zinamwagwa. Nilimwahidi friji ya jua. Nilimwahidi kwa mdomo huu, nikila bukari yake, ugali wa kwetu.

Kisha nikajaza fomu. Swali moja liliuliza: je, laini ya umeme imefika hapo? Nikaandika ndiyo.

Laini kubwa ya migodini inapita juu ya paa la kituo; tangu utotoni naisikia ikivuma. Sisi watu wa chini ya waya tuna kiburi chetu cha kijinga. Mgeni akituuliza kama tuna umeme, hatukubali aibu, tunanyoosha kidole juu. Hakuna nyumba hata moja iliyowahi kuwasha taa kwa waya ule, lakini kidole kinanyooka. Siku ile kilinyooka hata ofisini, kikiwa kimeshika kalamu.

Ndiyo ile moja ilifuta alama zetu zote za uhitaji, tukaangukia mkiani. Nilipogundua, orodha ilikuwa imeshasainiwa na kupelekwa Kinshasa. Nikaandika barua ya kuisahihisha. Hapo vita vya mashariki vikapamba moto, mawaziri wakabadilishwa, wafadhili wakafungasha, na aliyepaswa kuipokea barua hakuwepo tena. Nikaandika nyingine. Nilipiga simu mpaka namba ikawa haipatikani. Hasira ilinijaa, na sikuwa na wa kumtolea.

Friji chache zilizokuwa zimeshaingia ziligawiwa kwa orodha ileile. Lori lililozibeba lilipita mbele ya kituo cha Kasungami bila kusimama.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa mama mkubwa. Asubuhi alikuwa amemwaga chanjo tena, na akina mama wamerudi nyumbani na watoto wao mgongoni.

"Mwana yangu, friji yetu ndjo ile ilipita jana?"

"Mama, kwa liste banasema hapa courant iko."

Akaacha kupakua bukari. Akautazama ule waya wa umeme juu ya paa.

"Nani aliandika vile?"

"Bantu ya bureau," nikasema, kama vile ofisi ile si yangu.

"Basi uyu muntu hayafika hapa hata siku moja," akasema taratibu, bila chuki yoyote. "Hajue. Tutafanya nini?"

Akaniwekea bukari, akaniambia nile kabla haijapoa. Nikala.