Kitufe cha Redio

Juzi pale Kivukoni niliona Land Rover kuukuu yenye antena ndefu, kidole gumba changu kikakosa utulivu.

Nikiwa mtoto, siku moja tulikuwa tunangoja pantoni katika gari kama hilo. Baba, dereva wa zahanati, aliacha injini ikinguruma ili redio ya mawasiliano isimalize betri. Moshi wa dizeli ulinichefua. Kutoka zahanati ya Uchindile bibi yangu, mgonjwa, aliniita redioni.

"Ukishasema, achia kitufe," Baba alisema.

"Shikamoo bibi!" Nilikibana kwa nguvu, nikiogopa asinipotee. Kimya. "Bibi, shikamoo!"

Pantoni ikafika, nyuma wakapiga honi, Baba akazima redio. Nililia njia nzima, nikiamini bibi amenikasirikia.

Sikuzungumza tena na bibi. Sasa najua: ukibana kitufe, husikii mtu. Bila shaka bibi aliitikia. Mimi ndiye ambaye sikukiachia.