Koti la Mteja Asiyerudi

Msusi wa mlango wa pili ndiye aliyeanzisha uvumi huo. Alisema Tepe amekopa benki, amekopa mpaka shingoni, na mwisho wa wiki watakuja kubeba kila kilichomo dukani, hata pasi. "Mimi simo," akaniambia huku akichambua nywele za mteja, "ila kama una nguo yako pale, kaichukue mapema."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea Tepe vifungo, mwanangu wa miezi saba akilala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza, na nilijua kuwa Tepe hajawahi kukanyaga benki. Mama huyo fundi tulimwita Tepe kwa sababu tepe ya kupimia haikumtoka shingoni. Hata msibani alikwenda nayo. Zamani, kabla sijaolewa, alichukua cherehani ya umeme kwa malipo ya kidogo kidogo. Akachelewa kulipa miezi miwili. Wakaja wanaume wawili wakaibeba mbele ya wateja, gauni la bibi harusi likiwa bado chini ya sindano. "Uzi waliukata kwa meno," alisema, na kila akifika hapo alijifuta mdomo.

Tangu hapo, taslimu tu. Nilipofungua akaunti ndogo kwa ajili ya mtoto, katika benki iliyo milango minne kutoka pale dukani, alinicheka. "Umemchimbia mwenzio kaburi la hela, na hata hajaota jino."

Fedha zake yeye zilikaa mahali ambapo fundi tu angepafikiria. Kila duka la ushonaji lina nguo ambayo mwenyewe hakurudi. Ya Tepe ilikuwa koti la kijivu, limening'inia nyuma ya mlango miaka sita. Kila mwisho wa mwezi alifumua kidogo bitana, kile kitambaa cha ndani, akatia noti, akashona tena. Siri hiyo tulikuwa nayo wawili.

Wiki ile karakana moja ng'ambo ya soko ilikuwa inafungwa, nayo inauza mashine ya kudarizi. Mwenye karakana alisema: ukilipa yote kwa mkupuo kabla ya saa kumi Ijumaa, mkononi au kwa benki, ni bei hii; ukitaka kidogo kidogo, inapanda kwa theluthi. Tepe alikuwa ameahidiwa sare mia mbili zenye nembo. Bila mashine, kazi ingekwenda kwa mwingine. Na noti za kotini zilifikia bei hiyo kamili, hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

Ijumaa, saa saba mchana, natafuta mkasi ili tufumue, mlango ukajaa kivuli. Mwanamume mnene, mkononi ana kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Fundi, hujambo? Nimefuata koti langu."

Tepe aliikunjua ile risiti. Mwandiko wake mwenyewe.

"Baba, miaka sita!"

"Nilikuwa safarini. Sasa nasikia watu wa benki wanakuja kukukomba. Nikasema, koti langu lisije likalipa deni la mtu." Akalitungua mwenyewe.

"Halijaisha," Tepe akasema.

"Miaka sita halijaisha? Fundi, hata nyumba huisha!"

"Bitana imeliwa na nondo," nikadakia. Sijui nilikoitoa. "Tupe dakika kumi tuibadilishe, kaka, usije ukatuaibisha huko mjini."

"Ngoja kwanza nilijaribu."

Akatia mkono mmoja, akatia wa pili. Nilisikia noti zikilalamika mgongoni mwake. Naye alisikia.

"Mbona zito hivi? Na linalia."

"Kitambaa kigumu cha kusimamisha kifua," Tepe akasema bila kupepesa jicho. "Siku hizi hakiwekwi, ndiyo maana makoti yao yanalegea kama mboga."

Mtu yule akavuta kifungo. Hakikufika. Akavuta tena, pumzi ameibana. Hapo Tepe akamcheka waziwazi. "Tumbo limekuja bila kumwarifu fundi! Vua, mwanangu, nikupanulie."

Akavua. Tukaingia nalo nyuma ya pazia. Tepe akashika upande wa kulia, mimi wa kushoto. Kufumua bitana kuna sauti yake, na noti nazo zina yake. Mara mtoto akaamka, akaanza kulia. Mtoto wangu hajawahi kulia nikahesabu hata mpaka tano kabla ya kumwinua. Siku ile nilimwacha. Alilia mpaka pumzi ikamkwama, na chini ya kilio kile tulizichomoa zote, nikazifunga ndani ya blanketi lake. Nilipomwinua, alinitazama kama mtu asiyenijua.

Tepe akaachia mishono ya ubavuni, akapiga bitana mpya kwa mkono, akalitoa. Yule bwana akalivaa, likamkaa. Akainua mabega, akayashusha.

"Sasa jepesi kama shati."

Akalitazama koti, akatutazama sisi, akalitazama blanketi kifuani pangu. Akalipa baki lake, akatoka.

Hakwenda mbali. Kupitia dirisha nilimwona kwa msusi, akieleza, viganja vyake vikipanda na kushuka kama mizani. Msusi akageukia mlango wetu. Vijana wawili waliokuwa wakicheza karata ukutani nao wakageuka, na karata hazikuendelea.

Saa nane na nusu. Karakana ni ng'ambo ya soko, nusu saa kwa miguu katikati ya watu, na habari ya fedha imeshatutangulia.

Tepe alishusha pazia, akaketi juu ya kigoda. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona ikikosa tundu la sindano, ilizipanga noti za blanketini kuwa bunda, ikakosea, ikazipanga upya.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Ile akaunti ya mtoto. Ina nafasi?"

Sikucheka. "Ipo, mama."

Akavua tepe shingoni, akalifungia bunda mizunguko mitatu, akakaza fundo.

"Basi twende hapo mlango wa nne. Ziingie kwa mtoto, umlipe mwenye karakana kwa benki leo hii kabla ya saa kumi. Ila nakuomba kitu kimoja. Tukifika dirishani kwa karani, ukiona nimeng'ang'ania hili bunda, usinisubiri. Nibandue vidole."